Herufi za Watu wa Sufuria

Silabi moja ilitugharimu mbuzi thelathini na wanane, ngamia wanne, punda mmoja, nyumba ya baba yangu, na mdogo wangu Asekon, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili Asekon nimemweka mwisho, kwa sababu nikimweka mwanzo siendelei kuhesabu. Silabi yenyewe ni po. Niliitamka mimi, nikiwa na miaka kumi, mchana kweupe, mbele ya watu wapatao hamsini, nikisoma maandishi yasiyosomeka. Nikiikumbuka siku ile, kabla ya kuisikia sauti yangu huwa nasikia harufu: rangi mbichi ya mafuta ikikaushwa na jua la Kakuma, inayoingia puani kama pilipili na kukaa kooni hadi jioni. Mpaka leo fundi akipaka rangi mlango wa duka la jirani hapa Lodwar, mimi hufunga langu mapema, na wateja hudhani nimefiwa.

Kwetu Waturkana, ukoo na chapa ya mnyama ni neno moja, emachar. Ukimuuliza mtu ukoo wake, umemuuliza pia ngamia wake amechomwa alama gani, na jibu ni lile lile. Alama yetu ilikuwa duara lililokatwa na mstari, na chini ya mstari mkia mfupi. Watu wa ukoo wetu ni wengi na wote walichoma alama hiyo, lakini chuma cha baba kilikuwa kimeangukiwa na jiwe kikapinda, mkia ukageukia nyuma kama wa mbwa aliyekemewa. Baba hakuwa mtu wa kutengeneza kitu ambacho bado kinafanya kazi, kwa hiyo ngamia wetu wote walitembea na mkia uliopinda. Mama alimwambia anatuaibisha kisimani. Baba akajibu kwamba angalau mwizi wa ngamia wake hataweza kusema alikosea.

Miaka miwili kabla ya mambo haya, kaka yangu Ekal alipeleka ngamia sita malishoni upande wa milima, ng'ambo ya Lorugum, na hakurudi. Waliomfuata waliona nyayo za ngamia, na kando yake alama za viatu vyake vya tairi, zikaenda pamoja mpaka penye mwamba, na mwamba hauweki nyayo. Hapakuwa na damu wala mfupa wala kipande cha shuka. Wazee walisema tumhesabu kuwa amekufa. Mama aliwauliza kwa nini basi hakuna aliyeona tai wakizunguka, na hakuvua shanga zake. Mwanamke wa kwetu aliyefiwa na mtoto huvua shanga. Mama alikaa na zake zote shingoni, kutoka mabegani hadi kidevuni, na kila aliyekuja kutoa pole alizitazama kwanza zile shanga, akaimeza pole yake, akauliza habari za mvua.

Mimi nilikuwa nikisoma Lodwar, nalala bweni la misheni, na kila muhula baba aliuza mbuzi wawili kwa ajili hiyo. Aliwataja kwa rangi zao. Nikirudi likizo aliniambia, yule mweupe mwenye doa jeusi sasa anakaa kichwani mwako, Akiru, hebu tumwone analia vipi. Ilibidi mbuzi waonekane. Kwa hiyo nilikuwa msomaji wa Kakuma. Kakuma ya siku zile ilikuwa maduka machache, kituo cha polisi, kanisa, na mto Tarach usiokuwa na maji isipokuwa unapoamua kuua mtu. Watu waliniletea mifuko ya unga, makopo ya mafuta, barua za chifu, na siku moja fulana ya askari wa utawala ambaye mwenyewe alikuwa bado ndani yake. Malipo yalikuwa kikombe cha maziwa kwa maandishi mafupi na vikombe viwili kwa marefu, nami nilikuwa nikisoma polepole sana ili mafupi yawe marefu. Biashara nilianza kuijua hapo. Nilijua pia, kama kila mwenye biashara ya pekee, kwamba siku nitakayosema sijui ndiyo siku nitakayofunga.

Muhula ule Mwalimu Mutua, mtu wa Ukambani aliyekipenda Kiswahili kuliko wenyewe wanavyokipenda, alikuwa ametufundisha po, ko na mo. Sisi tulikuwa tumekulia kwenye iko. Kwa Kiswahili cha kwetu kila kitu iko: maji iko, mbuzi iko, chifu iko, na kikiisha basi hakuna iko. Mwalimu aliposikia hivyo alishika kichwa kama mtu mwenye jino bovu. Alisimamisha kibuyu mezani, akasema kibuyu kipo mezani, maziwa yamo kibuyuni, na mwenye kibuyu yuko, tena yuko huko asikojulikana, na fimbo yangu ipo hapa. Hilo la mwisho lilituingia. Nilipanda lori kurudi Kakuma nikiwa na po yangu mpya kama mtu mwenye kiatu kipya, natafuta tu mahali pa kukivalia.

Nikakuta Watu wa Sufuria wamefika. Walikuwa Wazungu wapatao thelathini na magari saba, wamepiga mahema kwenye uwanda wa mawe meusi nje ya mji, wakitengeneza sinema ya watu wanaoanguka kutoka angani na kujikuta kwenye ulimwengu usio na maji, usio na miti na usio na mtu. Wametafuta dunia nzima mahali panapofanana na hivyo, wakatuchagua sisi. Walikuwa wamejenga chombo cha angani kwa mbao nyepesi wakakipaka rangi mpaka kikafanana na chuma, na wachezaji wao walivaa nguo za kung'aa zilizotuma jua machoni mwetu kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa mchanga. Jina walilipata siku ya kwanza na hawakujua kamwe kwamba wanalo. Wanawake wa kwetu waliajiriwa kujifunika blanketi za kijivu na kusimama mbali kwenye mawe, bila kusema, wakiwa ndio wakazi wa ulimwengu huo usio na watu. Walilipwa sukari. Baba alisema ni mara ya kwanza kuona mtu akilipwa kwa kusimama juani, jambo ambalo yeye amelifanya bure maisha yake yote.

Kila kitu chao kilikuwa na maandishi. Milango ya kile chombo, masanduku, kofia za kioo, mikono ya nguo, vibao walivyofunga kifuani, kote kulikuwa na herufi nyekundu na nyeusi. Aliyeziandika alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na kitabu kidogo katika mfuko wa shati, naye tulimwita Mzee wa Rangi. Alikaa kivulini mwa lori tangu asubuhi akipiga brashi, ulimi ukitokeza kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Mimi nilizunguka kambi ile siku mbili nzima nikizitazama herufi zake na sikuweza kusoma hata moja. Nilidhani ni Kiingereza cha darasa la juu. Kulikuwa na kitu kama E yenye meno manne, na ndoana mbili zilizogombana, na nyumba isiyo na paa. Nilijifariji kwamba hakuna mteja atakayeniletea nguo ya Mzungu kuisoma. Sikumhesabu mama.

Mama alifika kambini siku ya tatu na mzigo wa kuni. Mchezaji mmoja, kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya mchanga, alikuwa amekaa juu ya sanduku akila ndizi katika nguo zake za sufuria. Mama alimpita, akasimama, akarudi. Alitua kuni zake taratibu, akamwendea yule kijana na kuweka kidole kwenye kibao cha kifuani mwake. Kidole kilizunguka duara, kikakata mstari, kikashuka mkiani, na mkia ulipopinda kurudi nyuma nacho kikapinda, bila kutafuta njia. Wazungu walicheka kwa upole. Kijana aliacha kutafuna. Watu wetu walianza kusogea, maana hakuna kinachokusanya watu haraka kama mwanamke mzima aliyeweka kidole kifuani mwa Mzungu.

"Akiru," mama aliita kwa Kiturkana, bila kugeuka. "Muulize amemwona wapi ngamia huyu."

"Mama, hakuna ngamia hapo. Hiyo ni nguo."

"Naona ni nguo. Mimi nimeuliza ngamia."

Aliyekuwa akitafsiri pale kambini ni Simiyu, dereva wa Kitale, mtu wa mzaha mwingi, ambaye Wazungu walimwajiri kwa kuamini kwamba Mwafrika mmoja anajua lugha za wote. Kiturkana alijua salamu tu, na hata hiyo ejok yake ilichechemea. Alikuja akijifuta mafuta mikononi. "Mama anasema nini, mwalimu mdogo?"

Wanafunzi wenzangu wawili walikuwepo. Simiyu alikuwa tayari anatabasamu, akingoja cha kuwasimulia madereva wenzake. Nikaona jinsi itakavyosikika: mama wa msomaji wa Kakuma ameona maandishi akadhani ni chapa ya ngamia.

"Anasema nguo ni nzuri," nikasema.

Nimefanya hesabu nyingi maishani na nimewahi kupunjwa na watu hodari, lakini hasara yangu yote naipima kuanzia sentensi hiyo. Mzee wa Rangi alikuwa hatua sita kutoka pale, na brashi mkononi. Mama alijua maneno kumi ya Kiswahili, na kati ya hayo hakuna lililoweza kuuliza swali lake. Swali lilipitia kwangu, kama maji yanavyopita kwenye mrija mmoja, na mimi nikauziba kwa kidole kwa sababu ya aibu.

"Mama, hayo ni maandishi," nikamwambia kwa Kiturkana, kwa ile sauti ya shule. "Si chapa. Maandishi ya Wazungu."

Baba alikuwa amefika, fimbo yake begani. Alikitazama kile kibao, kisha akanitazama mimi. "Kama ni maandishi," akasema, "soma."

Nilisogea. Rangi ilikuwa bado inanuka. Palikuwa na mstari wa zile takataka za meno na ndoana, na katikati, kubwa kuliko zote, ile alama. Naapa sikuiona kuwa yetu. Macho yangu yalikuwa yameshafundishwa kutafuta a na be na che, na mtu anayetafuta sindano hamwoni ng'ombe. Nilijaribu kutoka kushoto, nikajaribu kutoka kulia, nikainamisha kichwa nione kama ziko juu chini. Mwanamke mmoja alimwambia jirani yake kwamba ni marefu, haya yatakuwa ya vikombe vitatu.

"Wawili kila muhula, Akiru," baba akasema polepole, kwa upole hasa. "Soma tu."

"Inasema Nipo," nikasema.

Nilichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa jipya na lilikuwa fupi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta. Mama aliondoa kidole kifuani mwa yule kijana kama mtu aliyegusa jiko.

"Nani anayesema?"

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine, na hiyo pia nimeihesabu. "Mwenye alama," nikasema.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye mawe, miguu ameinyoosha mbele, akaziweka vizuri shanga zake moja moja kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni. Baba alitazama upande wa milima. Simiyu aliuliza kama mama anaumwa, nikamwambia ni jua. Yule kijana wa sufuria alimmenyea ndizi, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaishika hadi jua lilipozama bila kuila.

Wiki iliyofuata Watu wa Sufuria walibomoa mbingu yao na kuanza kufunga mizigo. Vitu walivyoacha Simiyu alivifanya duka: mbao, makopo, misumari, na vile vibao. Mama alitaka kile cha kifuani. Simiyu aliniambia mbuzi watatu. Nikamwambia kimepasuka ukingoni. Akasema wawili, kwa sababu mimi ni mwalimu mdogo. Nikamwambia hakifai kulia chakula wala kuketia, na huko Kitale watamcheka. Nilikwenda nikarudi, nikakaa chini, nikasimama kama ninayeondoka, na mwishoni nikakipata kwa mbuzi mmoja dume, tena kilema. Watu walinisifu. Baba alisema sasa anaona shule inafundisha nini. Ulikuwa ushindi wangu wa kwanza sokoni, na nusu ya mchana nilioumaliza kubishana na mtu yule kuhusu mbuzi ingenitosha kumuuliza swali moja.

Jibu nililipata bila kuuliza, na lilikuja siku nne tu baada ya biashara ile, likiwa limechelewa. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na Simiyu alikuwa akiteremka Lodwar na lori la mwisho la mizigo. Mama alisema anakwenda nami. Alipanda nyuma na kibao kimefungwa ndani ya ngozi, mimi nikawekwa mbele kwa sababu Simiyu alipenda mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa bado anawalilia mbuzi wawili aliowakosa.

"Umeninyang'anya, wewe mtoto," alisema. "Na ile ya kifuani ndiyo ilikuwa nzuri. Zile zingine mzee anatunga tu kichwani, anachora vile mkono inaenda. Kubwa zote ni za kuiba."

"Za kuiba wapi?"

"Kwa ngamia. Njia yote hiyo, akiona ngamia, ananiambia Simiyu simamisha. Anashuka, anachora ile kitu wamechomwa, anaweka kwa kitabu. Anasema hakuna mtu wa Ulaya atajua. Mimi namwambia mzee, wenyewe watakudai."

Lori liliingia kwenye bonde kavu, likatoka upande wa pili. Nilingoja litulie. "Ile ya kifuani aliiona wapi?"

"Nijue aje? Tulisimama Lokichar, tulisimama huko Lorugum, tukaenda mpaka Kerio kutafuta samaki. Ngamia ni ngamia. Muulize mzee." Akacheka. "Sasa mzee iko Nairobi. Pengine ameshapanda ndege."

Kuna kioo kidogo nyuma ya kichwa cha dereva. Nikageuka. Mama alikuwa amekaa juu ya magunia, vumbi limempaka hadi kope, na kile kibao amekipakata kama anavyopakatwa mtoto mgonjwa. Alikuwa na swali sahihi tangu mwanzo. Kati ya watu hamsini waliokuwa kwenye yale mawe, wenye shule na wasio na shule, yeye peke yake ndiye aliyesoma. Mkia ulikuwa umepinda. Mahali fulani kati ya Lokichar na Kerio ngamia wa baba alisimama karibu na barabara, na mtu aliyekuwa naye, awe ni Ekal au aliyemjua Ekal, alimtazama mzee mmoja akichora kwenye kitabu. Nilikuwa na safari yote kutoka pale mpaka Lodwar ya kumwambia. Nilifikiri nitamwambia tukifika mtoni. Tukavuka mto. Nilifikiri nitamwambia kwenye lango la shule.

Kwenye lango la shule alikuwepo Mwalimu Mutua. Mama alimwendea moja kwa moja, akamsalimu, akaniambia nitafsiri. Alikuwa amesafiri siku nzima juu ya magunia, mwanamke asiyejua herufi, kuuliza swali la sarufi. Alitaka kujua mtu akisema nipo badala ya niko, anamaanisha nini.

Sijawahi kumwona mwalimu amefurahi vile. Alitupeleka darasani, akachukua chaki. Akasema niko anaweza kuwa popote, hata yeye mwenyewe hajui. Lakini nipo, mama, huyu hazunguki. Huyu yupo mahali hasa, mahali panapojulikana.

"Panajulikana na nani?" mama akauliza.

Mwalimu alilifikiria swali hilo kwa heshima. "Na anayesema," akajibu, "na anayeambiwa."

Safari hii nilitafsiri kila neno kama lilivyo, na huo ndio uaminifu uliotumaliza. Mama alikaa kwenye dawati dogo, magoti yamefika kifuani. Alikuwa akitafuta mahali panapojulikana na yeye na Ekal, wote wawili, na sikuhitaji kusubiri amalize. Palikuwa mahali pamoja tu. Palikuwa boma letu, kando ya Tarach. Alimshukuru mwalimu, akanishika kichwa kwa mkono wenye vumbi, akapanda gari lililokuwa likirudi, akaenda kumngoja pale alipoambiwa.

Na sisi wafugaji si watu wa kukaa pale pale. Ukame ulipokuja mwishoni mwa miaka ile, kila mwenye miguu alihamisha wanyama kuelekea milimani. Baba alingoja mwezi wa kwanza, akangoja wa pili, akamsihi, akamtukana, akamsihi tena. Mama alisema mtoto ameshasema yupo, nani amwache akute majivu. Baba aligawa mifugo, akachukua walioweza kutembea akaenda upande wa Lorugum, na huko akajenga nyumba nyingine na hakurudi kuishi na sisi. Wa mama walibaki. Mbuzi walianza kufa mmoja mmoja, kisha watatu watatu, ngamia wakafuata, ambao nilikuwa nikidhani hawafi. Asekon alianza kuharisha nikiwa shuleni nikifanya mtihani wa Kiswahili. Nilipata alama nzuri. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amevua shanga zake za chini, kiasi cha mtoto mdogo, na za juu, za Ekal, bado anazo shingoni. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomboleza kwa nusu. Nilihesabu nyuzi zilizobaki, nikazihesabu tena.

Sasa mimi ni mama wa watu wazima, nauza mbuzi na ngozi hapa Lodwar, na sina deni kwa mtu yeyote anayejua kudai. Lami imefika, na safari iliyomeza mchana mzima juu ya magunia sasa ni saa mbili. Kakuma niliyoijua imekuwa mji mkubwa uliojaa watu waliokimbia vita vya nchi nyingi, na kule ambako tulihesabu maandishi kwa vikombe vya maziwa kila kitu kimeandikwa, mahema, matangi, kadi zinazoning'inia shingoni, kuta za vyoo. Watoto wa siku hizi wangemsomea mama kile kibao mara moja, maana hawaoni aibu kusema hakisomeki. Nimewaomba wajukuu waitafute ile sinema kwenye simu, lakini jina lake sikulijua, na nikieleza kwamba ilikuwa na watu wa sufuria wananiuliza ni mapishi ya nini.

Mama yuko hai. Amekaa pale pale, na mji umemzunguka kama mafuriko yanavyozunguka jiwe. Jirani yake ni mwanamke wa Kongo ambaye naye ana watoto asiojua waliko, na wameelewana vizuri sana bila lugha. Nikifika huniambia, "Mama yako iko hapa tu, anangojea mutoto," nami kila nikisikia hiyo iko naona kwamba watu wasiosoma sarufi huwa hawaui mtu. Mwezi uliopita mguu wa mama ulianza kuoza kwenye kidole. Daktari amesema aletwe Lodwar, akae kwangu, awe karibu na hospitali, na ameniambia kwa macho yale wanayotumia wakishamaliza kuhesabu. Mama amekataa. Amenipa kile kibao, ambacho rangi yake imebanduka karibu yote isipokuwa duara, mstari na ule mkia, akaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Soma tena. Kikisema ameondoka, nami nitaondoka."

Nimejaribu kupatana na nafsi yangu kama ninavyopatana na wachuuzi. Nikisoma Niko, yaani hayupo tena bomani, ni silabi moja tu nimebadilisha, na atapanda gari, na atakuwa ameokolewa na uongo mwingine kutoka kinywa kile kile. Nikimwambia ukweli, kwamba sikusoma kitu, kwamba yeye ndiye aliyesoma na mimi ndiye niliyemnyamazisha, labda atapanda gari, labda hatakwenda nami tena popote, na atavua zile shanga au atainuka na kidonda chake aanze kutembea kuelekea Kerio. Na nikimsomea Nipo, atabaki, mguu ubaki naye. Nimeyageuza mara mbili, na mara zote mbili hesabu imekataa.

Kibao kiko hapa kaunta, kando ya mizani, nacho bado kinanuka ukikiweka juani. Alhamisi asubuhi nakwenda Kakuma. Wewe uliyefika mpaka hapa unajua kusoma, na huna aibu yangu. Nishauri kabla ya Alhamisi: nikifika, nimsomee mama nini?